Upande wa Mkono Mzima

Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa lilijulikana na watu wawili tu pale hospitalini: karani wa kampuni ya usafi na yeye mwenyewe. Wengine wote, kuanzia daktari bingwa hadi mgonjwa aliyelazwa jana, walimwita Bi Songesha, kwa sababu kila asubuhi alipoingia wodini na ndoo zake mbili hakumsalimu mtu kabla ya kusema, "Songesha miguu, maji yanapita." Hata wale ambao miguu yao haikuwa imesogea kwa miezi miwili aliwaambia hivyo hivyo. Muuguzi mmoja mgeni aliwahi kumwuliza kwa nini anawakejeli watu waliopooza. "Simkejeli mtu, sista," alijibu. "Nikiacha kuwaambia watajua nimewakatia tamaa."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mpana wa mabega, na goti moja lililolia kila alipochutama. Miaka kumi na saba alikuwa ameimaliza katika wodi ile ile ya kiharusi, ghorofa ya pili, vitanda ishirini na vinne, kumi na viwili upande wa dirishani na kumi na viwili upande wa mlangoni. Alipiga deki kwa kurudi nyuma ili asikanyage alipokwisha kusafisha, ndoo moja ya sabuni, ndoo moja ya kusuuzia, na ole wake atakayezichanganya. Bila kuinua kichwa angeweza kukwambia nani hakulala, nani amejikojolea na anaona haya kusema, na viatu vya mke wa nani havijaonekana kando ya kitanda tangu wiki iliyopita. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alipenda kusema. "Mimi nimeinama miaka yote hii, nishindwe kukiona?"

Watu wa usafi hawakuwa wa hospitali, walikuwa wa kampuni. Hilo lilijulikana kwa sare ya kijivu, na kwa mambo madogo madogo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika popote. Hawakukalia viti vya wodini. Chai yao waliinywea chumba cha ndoo, penye bomba moja na kidirisha cha ukubwa wa daftari, wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Na mtu wa usafi akiwa na neno kuhusu mgonjwa, haruhusiwi kumwambia muuguzi. Amwambie msimamizi wa kampuni, naye ataona la kufanya. Msimamizi alikuwa kijana msafi mwenye funguo nyingi kiunoni, na alichokiona siku zote kilikuwa kimoja. "Bi Songesha, wewe ni wa sakafu," alimwambia. "Vilivyo juu ya sakafu vina wenyewe."

Kosa la Bi Songesha lilikuwa moja, ila lilikuwa la kujirudia: alihamisha vikabati.

Kila kitanda kilikuwa na kikabati chake cha chuma chenye magurudumu, cha kuwekea kikombe, miwani na trei ya chakula. Kwa amri ya Mkuu wa wodi, vikabati vyote vilikaa kulia kwa mgonjwa, kimoja katika kila pengo, mstari ulionyooka kiasi cha kupimwa kwa kamba. Na Mkuu wa wodi hakuwa mwanamke wa kupenda mistari bure. Zamani, akiwa muuguzi wa kawaida, vikabati viwili vilijazana katika pengo moja, toroli la dharura likakwama hapo, na mgonjwa aliyekuwa akilingoja akakata roho kabla halijafika. Tangu siku hiyo alikula kiapo. Kila alipopita kukagua, jicho lake lilianza kwenye vikabati ndipo liende kwa watu.

Ubaya ni kwamba kiharusi hakifuati amri ya mtu. Aliyepigwa upande wa kushoto alikuwa na heri yake, maana kikombe kilikaa karibu na mkono wake mzima. Aliyepigwa upande wa kulia aliwekewa chakula kwenye mkono uliokufa, na mara nyingi upande ambao hata macho yake yalikuwa hayauoni tena. Trei ilikuja, ikakaa nusu saa, ikapoa, ikaondolewa. Mgawa chakula alikuwa na wodi tatu za kuzunguka, na muuguzi alikuwa na wagonjwa kumi na wawili na mikono miwili. Kwenye fomu iliyoning'inia miguuni pa kitanda palikuwa na viboksi vitatu: Amekula, Amekula kidogo, Amekataa. Muuguzi alitia alama kwenye kile cha tatu akaenda zake, wala hakuwa mwongo, kwa sababu sahani ilikuwa imejaa kweli.

Neno hilo "amekataa" Bi Songesha alilijua kuliko wote walioliandika.

Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi upande wa kulia, na ulimi ukaenda nao. Walimuuguza nyumbani, chumba kimoja, kitanda kimesukumwa ukutani kwa upande wa kushoto ili asianguke, na stuli imewekwa kulia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani binti aliacha bakuli la uji juu ya stuli na kijiko ndani yake. Kila jioni aliukuta uji umeganda ngozi, haukuguswa. Ajabu ni kwamba akimlisha yeye mwenyewe kwa kijiko, mama alikula, tena kwa pupa. Binti akaona ni visa. Kumbe anaweza, basi mchana anasusa kwa nini? Alibembeleza, akalia, mwisho akafoka. "Mama, kama umeamua kufa niambie nijue!" Aliyasema maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe, na mama akamtazama tu, machozi yakimshuka shavu moja. Majirani wakasema waacheni wazee, wakichoka na dunia huwa wanasusa. Mlo mmoja kwa siku ulimvusha miezi mitatu. Siku ya mazishi watu wanne waliomnyanyua walitazamana kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Miaka mitatu baada ya hapo akapata kazi ya usafi, na wiki ya pili tu alimsikia mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwaeleza ndugu wa mgonjwa. "Upande huu kwake haupo," mtaalamu alisema. "Mkimwekea kitu hapa, hajui kama kipo." Bi Songesha alisimama na fagio la deki mkononi mpaka maji yakatiririka juu ya viatu vya mtaalamu. Akaenda chumba cha ndoo, akafunga mlango kwa komeo, akalia kilio ambacho msibani hakikutoka. Mama hakususa. Alikuwa na njaa kutwa nzima, na uji ulikuwa hapo hapo karibu naye.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya saa ya chakula cha mchana, Bi Songesha alipiga deki mara ya pili ambayo mkataba wake haukuidai. Alipofika kwenye kitanda cha aliyepooza kulia, alikipiga kikabati kumbo la nyonga, kikazunguka miguuni pa kitanda na kutua upande wa mkono mzima. Sahani zikishaondolewa alikirudisha. Hakumweleza mtu, kwa sababu msimamizi alishamwambia yeye ni wa sakafu, na kwa sababu kueleza kungemlazimu kusema habari za stuli na bakuli. Hizo hakuwa amemsimulia hata mumewe.

Siku nyingi alinusurika. Siku nyingine Mkuu wa wodi alitokea saa isiyo yake, akakuta mstari una mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Barua ya kwanza ya onyo ilikuja mwaka jana: kuvuruga mpangilio wa wodi. Ya pili ilikuja mwanzoni mwa mwaka huu, na msimamizi alimsomea kwa sauti ingawa kusoma alijua. Ya tatu ikija, alisema, utakabidhi sare na hutaajiriwa tena na kampuni yoyote inayofanya kazi na hospitali hii. Bi Songesha alikunja barua zote mbili akazificha nyuma ya boksi la sabuni. Katika umri wa miaka hamsini na mitatu, na goti linalolia, alijua hakuna mlango mwingine ungemfungukia.

Hapo ndipo alipokuja msichana wa utafiti.

Alikuja na miwani, kalamu tatu za rangi na stuli yake mwenyewe ya kukunja, akakaa pembeni akitazama saa. Kila baada ya dakika kumi alizungusha macho kitanda hadi kitanda na kujaza fomu: huyu yuko na nani? Utafiti, alivyoeleza siku ya kwanza, ulitaka kujua ni kazi ya nani hasa inayowapa wagonjwa nafuu, na kwa nini maskini hutoka hospitalini wakiwa wamepungua kuliko wenye uwezo. Jambo jema kabisa. Bi Songesha alimbatiza Binti Saa siku hiyo hiyo, na siku ya tatu akamwinamia juu ya fomu.

"Shikamoo, mama," alisema msichana.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione. Daktari, muuguzi, mtaalamu, ndugu, peke yake." Alisoma kwa kidole. "Mimi nikiwa pale na mgonjwa, unaniweka wapi?"

Msichana aligeuza karatasi za maelekezo mbele na nyuma. "Hapa wamesema wafanya usafi ni sehemu ya mazingira. Kama hakuna mtu mwingine, naandika mgonjwa yuko peke yake."

"Mazingira. Yaani kama dirisha?"

"Kama dirisha, mama," alisema msichana, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Haya. Songesha miguu, dirisha linapita."

Alicheka, ila moyoni hakucheka. Macho yale yaliyoandika kila dakika kumi yalimtia hofu. Karatasi za watafiti, alijua, huishia mezani kwa wakubwa, na barua ya tatu ilikuwa inangoja shahidi tu. Basi akafanya ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na saba. Akaviacha vikabati mahali pake.

Kitanda namba tisa alikuwa amelazwa fundi mwashi, mtu wa mikono mikubwa kama sahani, aliyepigwa na kiharusi juu ya jukwaa la ujenzi akiwa anapanga matofali. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yote aliyowahi kuwa nayo yalibaki "mm" moja tu. Mkewe aliishi mbali, alifika Jumapili. Trei ya fundi ilikuja kulia kwake, ikakaa, ikaondoka. Amekataa. Kesho yake, amekataa. Siku ya tano Bi Songesha aliona mashavu yake yameingia ndani, na kwamba kila harufu ya chakula ilipopita, fundi aligeuza uso kushoto na kuutafuta mlango, akidhani trei bado haijafika. Siku ya sita madaktari walisimama miguuni pake wakasoma fomu. Mmoja akasema amekata tamaa, watu wa kazi za nguvu huwa hivyo wakipoteza mkono. Wakakubaliana kwamba hali ikiwa hiyo hiyo wiki ijayo, mkewe ataitwa amchukue nyumbani.

Bi Songesha alikuwa chini ya kitanda namba kumi akifuta mguu wa kitanda. Alisikia kila neno. Alifuta mguu ule ule wa kitanda mpaka ukang'aa, na alipoinuka goti lilimlia akaliapiza.

Siku ya saba, saa sita na robo, alipiga deki mara ya pili. Alipofika namba tisa alimtazama Binti Saa, Binti Saa akamtazama. Kisha nyonga ikafanya kazi yake. Kikabati kikazunguka kwa kelele ya gurudumu lililokosa mafuta, kikatua kushoto kwa fundi. Trei ilipokuja, Bi Songesha aliushika ule mkono mzima akauweka juu ya kijiko. "Haya, fundi. Ukuta ni huo, tia udongo."

Fundi alikitazama chakula kama mtu aliyekutana na ndugu yake barabarani. Alikula kwa mkono wa kushoto usiozoea, akamwagia kifua na shuka, akaifuta sahani kwa kidole. Halafu akalia. Bi Songesha naye akalia, akisingizia dawa ya kufutia sakafu. Kwenye pembe, msichana alitazama saa, akatazama maelekezo, akaandika alichoelekezwa: peke yake.

Tangu siku hiyo Bi Songesha hakuacha tena. Alisema moyoni liwalo na liwe. Kwa wiki nne nyonga yake ilihudumia vitanda kumi na kimoja kila mchana. Habari za kumchukua fundi nyumbani zilikoma. Alianza kukaa mwenyewe, kisha kusimama kwa kushika kichwa cha kitanda, na deki ilipokuwa inakuja aliinua miguu yake yote miwili kwa msaada wa ule mkono mzima kabla hajaambiwa.

Siku moja baada ya kazi Binti Saa alibisha hodi chumba cha ndoo. Alikaribishwa ndoo akaikalia. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho.

"Mama, hesabu zimetoka, na wakubwa wangu wamefurahi sana. Wamegundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Wagonjwa walioandikwa wako peke yao kabla ya chakula cha mchana ndio waliokula zaidi, na ndio waliopata nafuu haraka."

Bi Songesha alimwangalia. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Usicheke, mama. Wanaandika ushauri. Wodi zote, wagonjwa waachwe peke yao saa ya chakula. Muuguzi asikae karibu, ndugu wasubiri nje. Eti wanataka utulivu."

Kicheko kilikatika hapo hapo.

"Na vikabati?"

"Hakuna aliyeandika habari za vikabati. Maelekezo hayakuniuliza vilipo vikabati." Msichana alivua miwani. "Kosa ni langu. Nilikuona kila siku. Nikiwaambia ukweli watauliza ni nani, na nimesikia kuhusu barua zako. Nisipowaambia..."

"Nisipowaambia" hiyo hakuimalizia, na haikuwa na haja. Bi Songesha alipeleka mkono nyuma ya boksi la sabuni, akatoa barua zake mbili akazitandika magotini. Alifikiria sare ya kijivu iliyokunjwa juu ya meza ya karani. Alifikiria kukaa nyumbani saa nne asubuhi, na mumewe akijifanya haoni. Alifikiria wodi zote hizo ambazo hakuwahi kuzipiga deki, watu wameachwa na trei upande usiokuwepo, mlango umefungwa, na nje ndugu zao wanasubiri kwa sababu wakubwa wamesema. Kisha akafikiria bakuli moja la uji lenye kijiko ndani yake, na hilo halikuhitaji kufikiriwa sana.

"Waambie," alisema. "Na useme ni mimi. Usije ukasema mazingira."

Ukweli ulipowafikia wakubwa, Bi Songesha na Binti Saa waliitwa siku ya Jumatano, ofisini kwa Mkuu wa wodi. Mkubwa wa utafiti alikuwepo, mtu mpole mwenye tai iliyopinda, ametahayari kama mtu aliyempongeza bwana harusi siye. Msimamizi wa kampuni alikuwepo na funguo zake, na barua ya tatu ilikuwa imekwisha chapwa. Ilibaki sahihi ya Mkuu wa wodi tu. Palikuwa na kiti kimoja kitupu, na Bi Songesha alisimama kando yake.

Mkuu wa wodi hakupoteza muda. "Ulionywa mara mbili. Unajua kwa nini nataka vile vikabati vikae sawa?"

"Najua, sista. Toroli."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kila ukiona pengo limeziba, unashika shingo. Mimi nami nina toroli langu."

Ndipo akasema. Alisimulia stuli, bakuli, uji ulioganda ngozi, chozi la shavu moja, na maneno yale aliyofoka. Hakupamba wala hakupunguza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yakitoka kinywani mwake, na katikati alitazama sakafu, akaona kwa mazoea kwamba chini ya meza pana vumbi. "Kila mkiandika amekataa," alimalizia, "mimi namwona mama. Hakuna aliyekataa, sista. Hakiwaoni tu. Yaani, wao hawakioni." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

Msimamizi alikohoa akaisogeza barua mbele. Mkuu wa wodi hakuitazama. Alikuwa anatazama ukutani palipobandikwa fomu ile yenye viboksi vitatu, na midomo yake ilikuwa ikitembea kama mtu anayehesabu. Alikuwa muuguzi miaka ishirini na sita.

"Nimeliandika hilo neno," alisema mwisho, polepole. "Nimeliandika sijui mara ngapi. Nimewaambia watu wamwage chakula." Akajishika shingo. Kisha akamgeukia msimamizi. "Barua yako ondoka nayo."

"Lakini taratibu, Mkuu..."

"Ondoka nayo, mdogo wangu, kabla sijaandika ya kwangu."

Funguo zililia hadi mwisho wa ukumbi. Mkubwa wa utafiti alinyoosha tai, akamwomba Bi Songesha radhi kwa heshima zote, akamwuliza kama ana lolote angetaka liingie kwenye ripoti. Alikuwa nalo, alilifikiria miaka kumi na saba. "Vikabati vya safu ya dirishani vikae kushoto. Vya safu ya mlangoni vibaki kulia. Aliyepooza kulia alazwe dirishani, aliyepooza kushoto alazwe mlangoni. Kila pengo kikabati kimoja, toroli linapita, na kila mtu anakiona chakula chake."

Mkuu wa wodi alichora vitanda ishirini na vinne nyuma ya bahasha, akachora vikabati, akavitazama. Mistari ilikuwa miwili na yote imenyooka. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alikwisha kujua jibu, kwa hiyo alivuta kile kiti kitupu. "Kaa, dada."

Bi Songesha alikitazama kiti, akaketi kwenye ukingo.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" aliuliza Mkuu wa wodi. "Niandike kwa kampuni, niandike kwa uongozi. Sema."

"Lile neno litoke."

"Fomu mpya zitachukua miezi mpaka zichapwe. Unawajua watu wa uchapaji."

"Basi tulifute kwa mkono."

Mkuu wa wodi alifungua kabati akatoa bunda la fomu tupu, kiasi cha matofali mawili kwa unene. Akaligawa, nusu yake, nusu ya Bi Songesha. Binti Saa akatoa kalamu zake za rangi, na Mkuu wa wodi akachagua nyekundu. Juu ya lile neno Amekataa, lililokatwa kwa mstari, waliandika jingine, baada ya kubishana kidogo: Hajala. Tazama upande.

Kwenye fomu ya kwanza Bi Songesha alilikata neno kwa mstari mmoja mzito, taratibu, akaiacha fomu mbele yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Hakukataa," alisema kwa sauti. Ile ilikuwa ya mama yake. Zilizobaki zilikuwa za wodi, na hizo alizikata upesi upesi, kwa sababu saa sita na robo ilikuwa inakaribia na sakafu ilikuwa bado kavu.